Uzinduzi wa Vidonge vya Mgongo wa Mtoto

Mheshimiwa Meya, uliyetuma salamu. Mheshimiwa Naibu Meya, uliyemtuma dereva. Mke wangu mpenzi, ambaye kwa sifa zake mwenyewe ni Mratibu wa Mradi. Waganga wote mliotoa udhuru. Mama wakwe, wajawazito na wanaotarajia kutarajia: namaste! (Makofi. Shada la sita la maua shingoni linamfunika mzungumzaji hadi puani.)

Mimi, Ramsagar Mandal, Msimamizi wa Afya wa kata hii, nasimama kuzindua Mpango Mkakati Shirikishi wa Vidonge vya Foliki, ambao, kufuatia warsha nne za wadau katika hoteli moja tulivu ya mji mkuu, Kathmandu, tayari umewafikia asilimia mia moja na nne ya wajawazito, kwa sababu mama akikosa foliki, uti wa mgongo wa mtoto hauzibi tumboni, na mtoto wa namna hiyo, ndugu zangu, anatuharibia takwimu. (Makofi machache.)

Naona binti amesimama. Haya, sema, kwa kifupi.

("Naitwa Sunaina, Mheshimiwa. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mgongo wazi, akaishi siku mbili. Nesi kaniambia safari hii nianze vidonge kabla sijashika mimba. Mume wangu anarudi likizo kutoka Qatar mwezi ujao. Naviomba leo.")

Kabla! Mmemsikia? Hana mimba, anataka dawa ya mimba! (Kicheko cha safu ya mbele tu.) Binti, mila yetu tukufu inasema mkamwana hatamki mimba yake hadi mwezi wa tano, na fomu yetu inaheshimu mila: mwezi wa tano, alama ya dole gumba la mama mkwe, ndipo vidonge. Kama mgongo unaamua kujiziba mwezi wa kwanza, basi mgongo ndio haukufuata utaratibu.

Naam, mama mkwe naye anasimama, bila shaka kumtia adabu.

("Dole gumba langu hili hapa," anasema Dukhani Devi, akilichovya kwenye wino wa mezani. "Yule mjukuu nilimwosha mimi, kwa mikono hii, kabla hajazikwa. Acha maneno, mwanangu. Fungua hilo boksi la vidonge.")

Boksi haliguswi kabla ya picha! Muda umetutupa mkono. Foliki! ("Kwanza!" anaitikia dereva.) Mama imara! (Dereva anatazama saa.)

Kwa kumalizia, namshukuru muuza tambi wa sokoni kwa kutuazima maboksi haya matupu, tafadhali yarudi bila kukunjika. Na zaidi nakushukuru wewe, Sunaina, kwani katika ripoti ya kufunga mradi, niliyoituma wiki jana, wewe ndiwe wa mwisho kwenye orodha: umemeza vidonge vyote, na mwanao amezaliwa salama.