Probox Yenye Milango Miwili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimejua kwa nini nilizaliwa. Klabu ya Magari ya Mbio ya Salama na Kilungu ina nafasi! Katiba yao inaruhusu magari saba tu, na daktari wa meno amehamia Nakuru na lake. Yamebaki sita. La saba ni langu.

Mwenyekiti, Mzee Kimeu, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuja dukani kwangu kununua dawa ya kupe. Nikamuuliza hali ya mbwa, kisha nikaomba nafasi. Akaitazama Probox yangu kupitia mlangoni, kwa muda mrefu, kwa huruma. Akasema klabu ni ya magari ya mbio. Nikamuuliza gari la mbio ni lipi hasa. Akatoa katiba mfukoni (anatembea nayo!) akasoma kifungu cha tatu: gari la mbio ni gari lenye milango miwili. Basi. Hakuna neno juu ya mwendo wala injini.

Probox ina milango minne. Nilihesabu tena baada ya chakula cha mchana.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili klabu inamsindikiza mama mkwe wangu kutoka kwetu hapa Salama, anakomtembelea binti yake, hadi kanisani kwao Kilungu. Ibada ya shukrani. Ameongoza akina mama wa kanisa miaka thelathini na sasa anastaafu. Atapanda gari jekundu la Kimeu, mengine yafuate. Na mimi nifuate nikiwa wapi? Kwa bodaboda?

Miaka ishirini na miwili nimemwoa Mutanu, na mama yake hajawahi kunisemesha. Si ugomvi. Ni nthoni, heshima yetu Wakamba: mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawatazamani usoni, maneno yanapitia kwa mke. Jina lake siandiki hata humu. Lakini najua anavyonikumbuka. Siku ya mahari nilifika kwao juu ya lori la simiti, nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Nataka anione mara moja tu nikiwa kwenye msafara wa wanaume wenye magari. Nataka sana, mpaka nimeshindwa kula ugali wa jioni.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku kubwa. Nimempelekea Mbithi, fundi wa kuchomelea, gari langu, nikamwambia afunge milango ya nyuma. Aliuliza mara tatu kama nimesema nyuma. Kufikia saa saba yote miwili ilikuwa imechomelewa, ikapakwa plasta, ikapigwa rangi ya buluu. Huoni hata mshono! Nikaongeza bawa juu ya mlango wa buti, Mbithi akalitengeneza kwa chuma cha kitanda cha zamani. Sasa gari limekaa kimbio.

Mutanu alitoka nje na mwiko mkononi, akalizunguka. Akauliza:

"Na mgeni ataingilia wapi?"

Nikamweleza kwamba gari la mbio halina wageni, lina mashabiki. Akarudi jikoni. Wivu.

Habari mbaya jioni: kuna mwingine anayeitaka nafasi yangu. Anaitwa Othman, wa Kitui mjini, mwenye biashara ya kukodisha mahema na viti. Gari lake ni la kijani, milango miwili tangu kiwandani. Wanasema analipangusa kwa kitambaa cha nepi ya mtoto. Mtu wa aina hiyo ni hatari.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetumia akili. Ukaguzi ulikuwa leo saa nne hapa Salama, karibu na kituo cha mafuta. Jana nilimtumia Othman ujumbe wa kirafiki kwamba umehamishiwa Kambu, saa moja asubuhi. Kambu! Zaidi ya kilomita mia kwa barabara ya Mombasa. Nililala usingizi wa mtoto.

Saa nne Kimeu na kamati yake walihesabu milango yangu. Mmoja. Miwili. Halafu mtu mmoja akauliza, buti si mlango wa tatu? Nikasimama mbele ya buti. Kimeu akafikiri. Gari lake lina injini nyuma, chini ya kifuniko, na kama vifuniko ni milango basi lake lina mitatu na ukifungua cha mbele ni minne. Akaamua haraka kwamba buti ni kifuniko. Mungu ni mwema.

Walikuwa karibu kunipa mkono wakati gari la kijani lilipoingia. Othman akashuka bila jasho hata tone. Nyuma, kwenye kile kiti kidogo, matikiti maji yamejaa hadi dirishani. Akawapa watu wote, akaanza na mimi.

"Bwana Kiilu, Kambu sikuwaona," akasema, "lakini matikiti yalikuwepo."

Wakakokotoa wakati wakila. Kitui hadi Kambu hadi hapa ni zaidi ya kilomita mia mbili, gari halijakohoa. Kimeu akasema hilo ndilo gari. Hivyo mimi ndiye niliyemfanyia jaribio la barabara. Uamuzi umesukumwa hadi baada ya Jumapili: wote wawili tutakuwa kwenye msafara, na klabu itaangalia mwenendo wetu.

Tikiti lilikuwa tamu. Limeniuma zaidi kwa sababu hiyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya kuosha. Kila Jumamosi klabu hukutana kuosha magari pamoja, kila mtu na ndoo yake. Nimejifunza desturi. Huinui boneti ya mwenzako bila kupiga hodi. Humwiti mtu jina, unamwita rangi ya gari: Mwekundu, Mweusi, Mweupe. Mtu akisema gari lake lina mlio, wote wananyamaza na kuinamisha vichwa kama wamepata habari za msiba. Halafu kila mmoja anatoa dawa yake, na hakuna dawa inayofanana na nyingine.

Nililipenda jambo hili kuliko nilivyotarajia. Niko na miaka hamsini na mbili, siku hizi rafiki zangu ni wateja. Hapa watu wazima sita walijadili wipa yangu robo saa nzima. Othman alitambaa chini ya Probox bila kuombwa, akakaza kitu, akatoka na kofia imejaa vumbi. Bado wananiita Mgeni. Kesho wataniita Buluu.

Mutanu ameleta ratiba ya ibada. Mama amepewa dakika tano za kuzungumza. Miaka thelathini, dakika tano! Mutanu anasema ni hivyo kila mwaka, mchungaji ana watu wengi wa kusikiliza. Mama ameandika hotuba na ameificha ndani ya Biblia.

Jumapili, 12 Oktoba

Nitaandika yote.

Saa mbili msafara ulikuwa mbele ya nyumba, umeng'aa. Mama akatoka na kitambaa chake cheupe kichwani. Nikageukia ukuta, kama inavyotakiwa, nikichungulia kidogo tu. Kimeu akamfungulia gari jekundu. Gari lile ni viti viwili, na viko chini sana. Nikamsikia Mama akimwambia Mutanu kwa sauti ya upole kwamba yeye hatakaa bega kwa bega na mume wa mtu huku magoti yakiwa masikioni. Atakwenda na gari la nyumbani, kiti cha nyuma, kama siku zote.

Kiti cha nyuma.

Wanaume sita, na Othman wa saba, waliitazama Probox. Mama akaizunguka mara moja. Akatafuta kishikio upande huu. Akatafuta upande ule. Mutanu akanitazama. Siwezi kuandika alivyonitazama.

Viti vya mbele vya Probox havikunjiki. Ilibaki njia moja. Mutanu alileta kigoda cha jikoni, tukatoa magunia ya chakula cha kuku, na mama mkwe wangu, mwenyekiti wa akina mama kwa miaka thelathini, akapandia buti. Mimi nilikuwa nimeukumbatia ukuta wa jirani. Nilisikia kigoda kikilia, kisha kiti kikilia, kisha sauti yake ikimwambia Mutanu afunge.

Tukaondoka kwenda Kilungu, Mutanu kando yangu. Niligeuza kioo cha ndani kitazame juu, tusije tukaonana. Nyuma yangu magari ya mbio yalitambaa juu ya matuta, bampa zikikwaruza. Watu wakatoka mashambani kutupungia. Pamoja na yote, nilikuwa na furaha. Nilikuwa wa kwanza kwenye msafara!

Tukafika. Waumini wote wako nje, kwaya imejipanga. Mutanu akaenda kufungua buti. Haifunguki. Lile bawa la kitanda lilikuwa limetikisika njiani, skrubu moja ikaangukia ndani ya kitasa. Kimeu akavuta. Watu wanne wakavuta. Bawa likabaki mikononi mwao, buti ikabaki imefungwa.

Mchungaji akauliza kama Mama anaweza kupita juu ya kiti cha mbele. Dirisha likateremka kidogo.

"Mimi si mbuzi," Mama akasema. Dirisha likapanda.

Na mimi siwezi kupenya alipokaa ili nifungue buti kwa ndani. Mkwe wake! Nilisimama nimeelekea mparachichi, natamani ardhi ipasuke. Miaka ishirini na miwili nilitaka anione, na sasa nimemfungia ndani ya sanduku la buluu mbele ya kanisa lake. Nilitaka kulia. Nililia kidogo, kwa upande wa mparachichi.

Kwaya ikachoka kusubiri ikaanza kuimba palepale. Viti vikatolewa nje. Mchungaji akaona ibada imeshahama yenyewe, akafuata. Wakati wa hotuba ulipofika, wakapitisha maikrofoni dirishani.

Mama akafungua Biblia. Dakika tano zikapita. Kumi. Mzee wa kanisa akanyoosha mkono kuichukua maikrofoni kwa adabu, dirisha likapanda hadi kwenye waya. Akaendelea. Alianza na ukame ule walipochota maji bondeni usiku na mchana. Akataja kila mama aliyebeba mawe ya msingi wa kanisa, jina kwa jina, hadi waliokufa. Akina mama walikuwa wakijifuta macho kwa leso. Mimi pia. Sikujua hata nusu ya hayo.

Wakati huo Othman akaja na spana, akainama kwenye mlango wa mbele, akaomba ruhusa kwa Mama apite. Akavua kofia, Mama akaipokea akaiweka magotini bila kukatiza sentensi. Othman alijikunja juu ya viti, akapotelea kwenye buti. Tulisikia kugonga, hotuba, kugonga, hotuba. Alipofungua, Mama alikuwa bado hajamaliza. Akamwambia asubiri. Othman akasubiri humo ndani, amekunja magoti.

Dakika arobaini na saba. Kimeu alipima.

Mama aliposhuka kwa kigoda, akina mama walipiga vigelegele hadi mbwa wakaanza kubweka. Nilikuwa bado na mparachichi wangu. Nikasikia hatua zikija, zikasimama mbali kidogo, nyuma ya mgongo wangu.

"Baba Kanyiva," Mama akasema, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Mimi! Si Mutanu. "Miaka yote hawa wananikatiza hotuba. Leo hakuna aliyeweza kunitoa. Jumamosi utanipeleka Kambu, tuna mkutano wa akina mama."

Nikauambia mparachichi, ndiyo Mama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kamati imekutana. Nafasi amepewa Othman. Ni haki, ingawa imeniuma tangu asubuhi. Halafu Othman akasimama akasema klabu ya magari saba haina mtu wa kuandama nyuma na maji na jeki, na Bwana Kiilu hajawahi kukosa kuwachekesha. Wakabadilisha katiba palepale. Nane!

Kwa sharti. Kimeu ameongeza kifungu: abiria mzee lazima aweze kushuka bila spana. Milango ya nyuma ifunguliwe kabla ya Jumamosi. Lakini ikifunguliwa nitakuwa na minne, kwa hiyo sitakuwa gari la mbio, nitakuwa gari la huduma. Watanikaribisha siku za kuosha, chakula, kila kitu. Kimeu aliniwekea mkono begani. Alisema si vibaya.

Mutanu anasema nimshukuru Mungu na ninyamaze. Nimemshukuru Mungu.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikulala. Saa kumi na moja alfajiri niliamka nikaisoma katiba tena, nakala niliyoandika kwa mkono. Kifungu cha tatu: milango miwili. Haisemi ipi!

Saa mbili nilikuwa kwa Mbithi. Anafungua ya nyuma, kila upande, vishikio vipya. Mama mkwe atakuwa na mlango wake mwenyewe, tena mpana, na hatagusa kigoda tena maisha yake. Halafu anachomelea ya mbele. Miwili kamili. Mbithi aliuliza mara nne kama nimesema mbele.

Dereva ataingilia nyuma, avuke juu ya kiti. Mimi ni mwepisi. Jumamosi nitaingia kwanza, kabla Mama hajatoka nyumbani, nitulie kwenye usukani nimetazama mbele, kisha aingie yeye kwa heshima zake zote. Hapo hakuna tatizo lolote.

Kutoka nitafikiria tukifika Kambu.