Suti ya Sufu Katikati ya Kiangazi

Jumatatu, tarehe 12

Joto. Mafriji mawili yamenifia leo karakanani, na mimi nilikaribia kuwa la tatu.

Dada amekuja. Hakukaa, jambo ambalo si dalili njema. Alisema binti yake anaolewa Jumamosi na hataki vituko. Nikamuuliza vituko gani. Akaniuliza kama nimesahau harusi ya binti yake mkubwa, nilipozidiwa na joto, nikashika kitambaa cha meza ili nisianguke, nikaanguka nacho pamoja na keki.

Sijasahau. Keki ilikuwa ya ghorofa.

Sasa neno lenyewe. Baba wa mabinti hawa, shemeji yangu, Mungu amrehemu, hayupo. Wa kusimama mbele na kumkabidhi bibi harusi ni mimi, mjomba. Mwenyewe amenitaka mimi. Tangu hajui kusoma alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa hapa hapa karakanani, ananipa bisibisi kabla sijaiomba. Lakini Dada ameamua: Ijumaa kuna mazoezi ukumbini. Nikiyumba hata kidogo, nafasi yangu anapewa baba mdogo wa binti, yule ninayemwita Mkavu kwa sababu hajawahi kuonekana na tone la jasho. Hunywa chai ya moto saa sita mchana, uso wake ukabaki kama sahani ya kabatini.

Dada akanishauri nivae shati jepesi, ninywe maji mengi, nikae kivulini. Ushauri wa watu wasiojua friji. Nina suti yangu ya sufu, nzito, ya heshima. Mtu anayekabidhi bibi harusi bila koti ni friji bila mlango.

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Lakini fundi friji atajipoza.

Jumanne, tarehe 13

Wazo la kwanza. Nimeshona mifuko kwenye bitana ya koti, nikaijaza barafu iliyofungwa kwenye nailoni. Nikatoka barabarani kujaribu, jua likiwa utosini. Raha iliyoje! Nilipita watu wanajipepea kwa magazeti, nikawaonea huruma.

Nilipofika dukani barafu ilikuwa imebadili mawazo. Maji yalishuka mgongoni, yakaingia kwenye suruali, yakatokea miguuni. Muuza duka akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akaniuliza kwa upole kama amwite mtu wa nyumbani. Nikasema ni jasho tu. Akasema pole.

Na nani alikuwa nyuma yangu ananunua sabuni? Mkavu. Akanipa leso yake, imepigwa pasi vizuri. Akaniambia na yeye joto linamsumbua sana siku hizi. Mnafiki mkubwa.

Jumatano, tarehe 14

Barafu ni mambo ya kizamani. Leo upepo. Nimechukua feni mbili ndogo za kompyuta mbovu, nikazifunga ndani ya koti, betri kiunoni. Nikawasha. Koti likajaa mpaka nikashindwa kuona viatu vyangu. Lakini ubaridi ulikuwepo, haki ya mtu apewe. Nilikuwa najitazama kiooni kwa upande, najiona kama waziri aliyeshiba, feni ya kushoto ilipoanza kula tai. Ikaila kwa bidii. Ilibidi nijiokoe kwa mkasi wa kukatia bati.

Mpwa wangu, bibi harusi mwenyewe, akanikuta hivyo, nusu ya tai ikiwa shingoni. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo yake ya zamani. Halafu akaokota kipande cha tai sakafuni. Akasema baba mdogo anampenda, lakini si yeye aliyekimbia nyuma ya baiskeli ameshika kiti siku alipojifunza kuendesha. Akaniomba Jumamosi nibaki wima tu, basi, mengine hayamhusu.

Nikamwambia asiwe na shaka. Alipoondoka nilikaa na bisibisi mkononi, sina hata skrubu ya kukaza. Nampenda sana mtoto yule.

Ijumaa, tarehe 16

Ushindi! Jana nilikokota friji kubwa la vinywaji, lile la duka lililofungwa, mpaka ukumbini. Nikamwambia msimamizi wa ukumbi ni mchango wa mjomba, wageni wapate soda baridi. Akanishukuru sana. Nikaliweka nyuma ya pale wanaposimama wazee wa familia, mlango ukielekea mgongo wangu. Kwenye mpini nimefunga uzi imara wa kushonea viatu. Ncha ya uzi inaingia mfukoni mwangu. Nikivuta, mlango unafunguka na mgongo wangu unapata majira mengine.

Kila fundi anajua kwamba friji haliumbi baridi. Linahamisha joto tu na kulimwaga nyuma, kwenye yale mabomba meusi. Nyuma ya friji kuna kiti cha Mkavu. Nimesikitika, lakini si sana.

Mazoezi yakaenda vizuri. Nilisimama kama nguzo ya umeme. Dada akanizunguka, akanigusa kipaji cha uso, akasema haya, ni wewe. Mkavu akaja kunipongeza. Mkono wake ulikuwa wa moto kidogo.

Jumamosi, tarehe 17

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji.

Nilifika nimejipigilia sufu yangu. Ukumbi umejaa, feni za dari zinazungusha joto lile lile. Nikasimama mahali pangu, nikaokota uzi, nikautia mfukoni bila kutazama nyuma. Nikahisi vuguvugu mgongoni. Nikavuta uzi. Vuguvugu likawa joto. Nikavuta tena, kwa imani. Ndipo nikageuka.

Wahudumu walikuwa wameligeuza friji ili wageni wajichukulie soda bila kupita mbele ya wazee. Mlango kwa wageni. Mabomba meusi kwangu. Uzi ulikuwa umezunguka ubavu wa friji, na mlango niliokuwa nimeuvuta ulikuwa wazi kabisa, chupa zinadondoka na kubingirika kati ya miguu ya watu. Kompresa, moyo wa friji, ikanguruma, taa zikapepesa, umeme wa ukumbi mzima ukakatika. Feni zikasimama. Watu wote wakanitazama, maana uzi ulikuwa mkononi mwangu.

Joto lililofuata sitaki kulieleza. Ukuta ukaanza kuja upande wangu. Nikajikaza kisabuni. Nikatafuta keki kwa macho. Safari hii wameiweka mbali, Mungu awabariki.

Mkono ukanishika mgongoni. Mkavu. Alikuwa ameinuka kitambo, amesimama nyuma yangu na kiti tayari. Amevua koti, na shati lake limelowa mgongo mzima. Akaninong'oneza kwamba yeye hutoka jasho mgongoni tu, tangu utotoni, ndiyo maana havui koti mbele za watu. Akaniambia pia kwamba alishamkatalia Dada siku ile ile ya kwanza: nafasi ni ya mjomba, kazi yake yeye ni kiti.

Bibi harusi hakungoja muziki. Alipita katikati ya ukumbi ameshika gauni kwa mikono miwili, akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Akanivua koti yeye mwenyewe. Akaokota chupa ya maji sakafuni, akanisimamia mpaka nikaimaliza, kama mtoto anayepewa dawa. Kisha akawaambia watu wabebe viti watoke nje, nyuma ya ukumbi, ukuta umeweka kivuli na kuna upepo. Kila mtu akabeba chake. Bwana harusi alibeba viwili.

Pale, kati ya tangi la maji na baiskeli za wahudumu, nilimkabidhi mpwa wangu nikiwa na shati tu. Sikuyumba. Nililia, nikasema ni jasho. Safari hii hakuna aliyenipa pole. Walicheka, na yeye akanibana mkono kwa nguvu.

Jumapili, tarehe 18

Harusi nzuri kuliko zote, kila mtu anasema. Kivuli, upepo, soda mkononi. Nimemweleza Dada jinsi mambo yalivyo. Bila friji, umeme usingekatika. Umeme usingekatika, tusingetoka nje. Tusingetoka nje, upepo tungeusikia kwa jirani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Dada akaendelea kuosha masufuria.

Mkavu amekuja kunirudishia koti. Mwanawe anaoa msimu wa baridi, huko milimani, alfajiri. Anataka mimi nisimame naye mbele, bega kwa bega. Nimeguswa, sifichi. Sasa sisi ni ndugu. Akanishauri nivae sweta na soksi nzito, inatosha.

Sweta. Ushauri wa mtu asiyejua pasi.

Ninazo pasi mbili mbovu hapa mezani, lakini nyaya zake za moto ni nzima kabisa. Nimeshazipima kwenye bitana ya koti, moja kila upande, zinaingia vizuri. Nimewapigia simu wenye ukumbi wa huko milimani, nikawaomba wanisimamishe karibu na soketi. Wamesema iko moja tu, pale meza ya keki.