Mikorosho ya Mama Justa

Jumanne, 1 Novemba 1977. Nachingwea.

Nimerudi kutoka Mnero kufundisha siasa. Vumbi mpaka masikioni. Darasa halikujaa, lakini Justa, mkunga wa zahanati, alikaa mbele. Nikaeleza kwamba haki za kibwanyenye ni kiini macho: mpe mwenye trekta na mwenye jembe haki ileile ya kulima, mwisho wa msimu utaona nani anamwomba nani chakula. Justa alitikisa kichwa. Kukubali, au kufukuza nzi. Mimi naamini alikubali.

Tangu nitoke kwetu Bukoba nimekuwa nikiomba uhamisho. Leo sitaki tena.

Jumatano, 2 Novemba.

Bahati hiyo! Mama yake Justa ana shauri barazani. Operesheni Vijiji ilipowahamishia watu kijijini, mikorosho ilibaki kule mahameni. Sasa yeye na Mbaruku, jirani yake, wanagombea korosho zilizoanguka. Nani kamshtaki nani, sikuuliza. Mjane ndiye hushtakiwa siku zote, hiyo ni sayansi. Nitamtetea. Ukimwokoa mama, binti hayuko mbali.

Dunstan, karani wa baraza, naye anamzungukia Justa. Ana baiskeli mpya na vifungu vya sheria, basi. Namhurumia.

Jumamosi, 5 Novemba.

Niliomba nafasi kama mwalimu wa siasa. Nikasema mpaka mate yakakauka: umilikaji ni pazia la unyonyaji, mkorosho umekunywa mvua ya wote, aliyeokota hana kosa. Makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Mbaruku.

Kumbe mwokotaji ndiye yeye. Mama Justa ndiye mlalamikaji. Mikorosho aliipanda mwenyewe na marehemu mumewe, na huku mti ni wa aliyeupanda, hata akihamishwa wapi. Kila mtu alijua isipokuwa mimi. Dunstan akasema kwa ufupi kwamba aliyepanda ndiye avune. Wazee wa baraza wakampa mama miti yake.

Justa alinitazama mara moja tu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 7 Novemba.

Nimedandia lori la korosho mpaka Mnero kuomba radhi. Nikamfafanulia mama kwamba kinadharia nilikuwa upande wake. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa togwa. Kisha akasema nikitaka korosho niende tu nikaokote, si zimekunywa mvua ya wote.

Justa alikuwa jikoni. Sikumwona, nilisikia anacheka. Ananicheka mimi, najua, lakini ningekaa pale mpaka jioni nisikilize. Nimerudi, ugali haupiti. Nampenda mpaka naumwa.

Jumapili, 13 Novemba.

Kanisani Mnero limesomwa tangazo la kwanza la ndoa: Dunstan na Justa. Padri akasema mwenye kujua kizuizi aseme. Nikainama, machozi yakanitoka, jirani akadhani nasali.

Sasa nimetulia na nimefikiri. Kosa la juzi lilikuwa katika mfano tu, nadharia haina dosari. Sheria inasema aliyetangulia kuposa ndiye mwenye haki. Haki gani hiyo? Dunstan ana baiskeli, ana mama yake kule Nanganga, ana ndugu kila kijiji. Mimi nina kitanda cha kamba na redio isiyo na betri. Haki ya kweli humpa kila mtu kwa kadiri ya mahitaji yake, na Nachingwea nzima hakuna anayemhitaji Justa kuliko mimi. Kizuizi ni hicho. Nimekiandika kurasa nane. Kesho asubuhi nampelekea padri, na nakala kwa mama yake Justa.