Kombe la Mama, Dirisha la Crehan

Jumatatu, Agosti 14

Nimeamua. Kombe linarudi nyumbani mwaka huu, na litarudishwa na akili yangu.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya watakaoisoma shajara hii baada yangu (watakuwepo). Kombe la keki la Maonyesho ya Kilimo ya kijiji chetu cha Ballinurra lilikaa juu ya kabati letu la vyombo tangu nikiwa mtoto. Mama alilishinda Agosti baada ya Agosti. Jina lake limechongwa pale hadi herufi zinabanana: Nora Tuohy, Nora Tuohy, Nora Tuohy. Alipofariki, kamati ikabadilisha shindano liwe la keki ya chokoleti kwa wanaume tu. Nani akalibeba kombe? Fergal Crehan, sajini mstaafu wa polisi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Analibeba kila mwaka tangu hapo. Na ameliweka dirishani, upande unaotazama kwetu! Kila asubuhi nikifungua pazia nasalimiwa na jina la mama yangu kutoka nyumba ya Crehan.

Linaniuma. Nasema wazi.

Miaka iliyopita nilipeleka keki za ubunifu wangu mwenyewe. Majaji hawakuwa tayari. Mwaka huu napeleka keki ya Mama: matabaka matatu ya chokoleti nzito, ndani yake bia nyeusi, juu krimu nyeupe kama povu la glasi iliyomiminwa na mtu anayejua kazi. Siri yake tunaijua mimi na dada yangu Dymphna tu. Dymphna anaoka vizuri kuliko mimi, lakini si mwanaume. Kwa mara ya kwanza maishani nimemzidi kitu.

Jumanne, Agosti 15

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Misa asubuhi, keki ya majaribio mchana. Huo ndio ulikuwa mpango.

Bia ya keki lazima iishe gesi kwanza. Mama alikuwa anaimimina kwenye glasi na kuiacha. Nikamimina. Niliinamisha glasi, nikaiacha itulie, nikaongezea juu taratibu. Ikatoka nyeusi tii, na kola nyeupe ya povu iliyonyooka. Sijawahi kumimina glasi nzuri vile. Dymphna akapita akasema hiyo ni ya keki. Nikamwambia najua. Lakini mtu mwenye utu wake haachi glasi ya namna ile iharibike mezani. Ni dharau kwa kiwanda, na kwa shayiri yenyewe. Nikainywa.

Nikamimina nyingine. Kwa bahati mbaya nayo ikatoka nzuri.

Jioni Dymphna aliuliza keki iko wapi. Nikamjibu ipo kwenye hatua ya maandalizi.

Jumatano, Agosti 16

Balaa! Dymphna amerudi kutoka dukani na habari: jaji wa keki mwaka huu ni Bi. Concepta Hanratty, aliyetufundisha sote shule ya msingi. Bi. Hanratty anavaa ile beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, ya watu walioapa kutogusa kileo hadi kaburini. Hajaivua tangu usichana wake. Wanasema Krismasi hali hata kitindamlo cha matunda, kisa kimenyunyiziwa divai. Nimpe huyu keki yenye bia? Atanifukuza kwenye hema la maonyesho kwa rula.

Nikakata tamaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nilipofika kwenye machicha, akili ikawaka. Nani kasema bia lazima iwe kwenye keki YANGU?

Mpango. Crehan yuko Limerick kwa binti yake, anarudi kesho, hajui jaji ni nani. Kesho jioni nitajisifia siri ya Mama mbele yake katika baa ya Tadhg. Ataiiba, hawezi kujizuia. Nitampa vipimo vya uongo, ili keki iwe na bia na iwe mbaya pia. Bi. Hanratty akishaonja, nasimama na kufichua. Crehan anaumbuka, kombe linavuka barabara. Mimi nitatumia chai baridi badala ya bia. Rangi ni ile ile, na chai haijawahi kumkosesha mtu mbingu.

Nilimweleza Dymphna. Akaniangalia muda mrefu, akauliza kwa nini nisioke tu keki nzuri. Namhurumia. Haoni mbali.

Alhamisi, Agosti 17

Baa kwa Tadhg. Crehan yupo kwenye kiti chake pembeni ya moto. (Moto Agosti! Lakini mvua ilikuwa inanyesha.) Tadhg akanikaribisha glasi kwa gharama yake, kunipa pole ya mama kwa kuwa mwezi aliofariki umefika. Nikakataa. Akasema aa, kunywa bwana. Nikakataa tena. Akasema utakunywa tu, nikapokea huku nanung'unika. Ndivyo watu wenye adabu wanavyofanya. Crehan alikaa Dublin miaka mingi kikazi, na huko inasemekana ukisema hapana wanakuamini.

Nikaanza. Nikamwambia Tadhg kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba siri ya keki ya mama yangu ilikuwa bia. Crehan hakuinua kichwa. Nikarudia. Ndipo akacheka.

"Bia kwenye keki? Malachy bwana, mama yako alikuwa anaoka, au alikuwa anamalizia mabaki ya baba yako?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Damu ikanipanda. Vipimo vya uongo nilikuwa navyo tayari kichwani, nimevikariri njia nzima. Lakini mtu amseme mama yangu mbele za watu, halafu mimi nimwelezee keki yake kimakosa, wazidi kumcheka? Haikuwezekana.

Nikasimama. Nikaeleza yote. Kwamba bia inaachwa hadi iwe kimya kabisa. Kwamba siagi inayeyushwa ndani yake kwa moto mdogo, isichemke, na kakao inaingia kungali na joto. Kwamba krimu iliyochachuka inaingia mwisho, na mkono unakuwa mwepesi. Kwamba matabaka yanavikwa kitambaa yalale hadi kesho yake ndipo yapakwe. Nikataja kila kipimo, hadi chembe ya chumvi. Niliongea vizuri sana. Tadhg aliacha kufuta glasi. Mzee mmoja alivua kofia.

Crehan alimalizia glasi yake. Alipoondoka aliomba chupa za bia za kubeba.

Ameingia mkenge!

Nilipomsimulia Dymphna, aliuliza kama vipimo vilikuwa vya uongo. Nikasema vilikuwa vya kweli, lakini ni afadhali zaidi, kwa sababu bia ya kweli ni dhambi ya kweli. Akaenda kulala bila kuniaga.

Jumamosi, Agosti 19

Nimeoka. Keki ya chai imepanda kama kofia ya askofu, kisha ikashuka katikati. Matabaka mawili yamekubaliana, la tatu limegoma. Nikaziba mashimo kwa krimu. Kwa mbali, kwenye mwanga hafifu, inapendeza. Dymphna aliitazama akasema "Haya." Hilo tu. Najua anavyonionea wivu.

Mchana nilitoka kuweka sanamu yetu ya Mtoto Yesu chini ya ua wa miti, kama ilivyo desturi ya hapa, ili kesho kusinyeshe. Crehan naye alikuwa anaweka ya kwake chini ya ua wake. Tukapungiana mikono kama maadui wanaojiheshimu. Dirisha la jiko lake lilikuwa wazi.

Harufu ikavuka barabara.

Sikuitarajia. Ilikuwa harufu ya nyumba yetu, ya jikoni kwetu Mama akiwa amejifunga aproni, mimi na Dymphna tukigombania kulamba mwiko. Inatoka kwa mtu mwingine. Nikasimama pale pale na sanamu mkononi. Dymphna akaja akasimama karibu yangu. Akavuta harufu, kisha akasema polepole, "Amepatia, Malachy. Amepatia kabisa."

Nikamwambia hiyo ni sehemu ya mpango. Sauti haikutoka vizuri. Nilikuwa na mafua kidogo.

Jumapili, Agosti 20

Siku ya Maonyesho! Jua kali! Sanamu yangu imefanya kazi. (Crehan anadai ni ya kwake.)

Hema la keki lilijaa. Kundi letu lilikuwa na keki tatu: yangu, ya Crehan, na ya mkulima mmoja wa mlimani aliyenunua dukani akasahau kubandua stika. Bi. Hanratty akaingia na kisu chake, beji ikimetameta kifuani. Crehan alipoiona beji akawa mwekundu hadi masikioni. Nilikaribia kumwonea huruma, lakini nikajizuia.

Akaanza na yangu. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akauliza kama ile ni chai. Nikasema ni chai, Mwalimu, chai tupu, kinywaji kisicho na hatia. Akasema sawa, akaomba maji.

Keki ya dukani akaila bila maneno.

Kisha ya Crehan. Akaweka kipande mdomoni na kufumba macho. Akakata kingine. Akakata cha tatu! Wakati ulikuwa umewadia. Nikapanda juu ya kreti la viazi.

"Mwalimu, usimeze! Keki hiyo ina bia!"

Hema zima likanigeukia. Mkono wa Bi. Hanratty ukaenda kwenye beji. Nikahisi ushindi hadi kwenye vidole vya miguu.

"Malachy Tuohy, shuka hapo kabla hujavunjika," akasema. "Nilikufundisha na hukuwa unasikiliza, na mpaka leo husikilizi. Mimi niliapa kutokunywa. Sikuapa kutokula keki. Na keki hii naijua. Nora alikuwa ananiletea kipande kila Krismasi, na bia yake humo humo, na aliniambia mwenyewe. Tangu azikwe sijaionja tena." Akajifuta jicho kwa upande wa mkono uliokuwa na kisu, watu wakarudi nyuma. Kisha akamgeukia Crehan. "Umeitoa wapi, Sajini?"

Hapo angeweza kudanganya. Sijui kwa nini hakudanganya.

"Kwa Malachy," Crehan akajibu. "Alitueleza wote kwa Tadhg. Nilimtania mama yake, na nilikosea. Sijawahi kusikia mwana akimsifu mama vile."

Wakapiga makofi. Hema zima, wananipigia mimi! Nikiwa bado juu ya kreti. Dymphna alikuwa analia waziwazi.

Matokeo: Crehan wa kwanza. Mwenye stika wa pili. Mimi wa tatu, nafasi ya heshima.

Sasa sikiliza lililofuata. Crehan akaja na kombe mikononi, mbele ya watu wote, akaninyooshea. Akasema amemwomba mchongaji wa maonyesho aandike jina la Nora Tuohy mwaka huu, si la kwake. Keki ni ya Nora, na kombe mahali pake ni kwetu. "Lichukue, Malachy."

Nilitamani kulikumbatia pale pale. Lakini mimi ni mtu niliyelelewa. Nikasema aa, hapana, Sajini, siwezi kabisa. Nikanyoosha mikono kidogo, nikisubiri anisihi mara ya pili.

Akanitazama. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa.

"Basi sawa," akasema. "Nimekuelewa."

Akaondoka nalo!

Nilibaki na mikono hewani. Dymphna alinipiga teke la muundi mbele ya Padri.

Jumatatu, Agosti 21

Dymphna hasemi nami, isipokuwa kunieleza mimi ni nani. Anasema nivuke barabara nikamwombe. Niombe! Kitu kikishakataliwa, mwenye nacho ndiye anayerudi kukitoa. Nilisimama getini asubuhi nzima, mikono mitupu ili asipate shida ya kunikabidhi. Crehan alitoka mara mbili. Mara zote alinipungia.

Hata hivyo, nimepima mambo kwa utulivu na nimeridhika. Keki iliyoshinda ni yetu. Maneno yaliyoishindisha ni yangu. Nimepigiwa makofi na hema zima, na nimekataa kombe kwa adabu ambayo watu bado wanaizungumzia (Tadhg anasema hawazungumzii kitu kingine). Mama angejivunia. Leo nilipofungua pazia, mchongaji alikuwa ameshamaliza na kombe limerudi dirishani. Jina jipya la Mama linang'aa kuliko yale ya zamani. Nikalisalimia.

Dosari ilikuwa moja tu, vipimo. Ningempa vya uongo kama nilivyopanga, sasa hivi kombe lingekuwa kabatini.

Nimeshapata dawa. Mwaka ujao kuna kundi jipya la wanaume, mkate wa magadi, na Mama alikuwa na siri yake ambayo Crehan haijui. Kesho naenda kwa Tadhg kuisimulia kwa sauti, na safari hii kila kipimo kitakuwa cha uongo, nakariri tangu sasa. Nitasimama imara. Mradi tu Crehan asimseme mama yangu.