Kabla ya Mbak Wening Hatukuwa na Ufa

Kituo cha Muara Semayun,
Kalimantan Kaskazini.
Jumatatu.

Kwa Mkurugenzi wa Safari,
Shirika la Ndege la Sayap Hulu,
Makao Makuu.

Mheshimiwa Pak Mkurugenzi,

YAH: FUNDI WENING PRABANDARI NA NYUFA ZAKE

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, Ibu na watoto. Sisi huku tu wazima pia, isipokuwa ndege, ambazo tangu mwezi wa pili zinaugua mfululizo, na anayeziuguza ndiye huyo huyo anayeziambukiza.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiwa mkuu wa kituo hiki. Miaka kumi ya mwanzo fundi wetu alikuwa Pak Gimin, mtu wa heshima, ambaye sasa amestaafu na anafuga kambare. Pak Gimin alikuwa akifika asubuhi, anaweka kikombe chake cha kahawa juu ya gurudumu, anaizunguka ndege mara moja, anaipiga rafadha ya puani makofi mawili kama mtu anayemsalimia nyati wake wa kulimia, kisha anatia saini. Miaka kumi, Pak. Nyufa: sifuri. Daftari lipo. Halafu mkatuletea Mbak Wening, msichana wa miaka ishirini na saba kutoka Malang, mwenye cheti, kioo cha kukuzia na makopo matatu ya kupuliza. Miezi mitano. Nyufa: tatu. Si lazima mtu awe profesa ndipo aone nyufa zimetoka wapi.

Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, asije mtu akasema Haji Masrani anaongozwa na hasira.

1. Kuhusu ukucha. Kila asubuhi fundi huyu hupitisha ukucha wake juu ya makali ya rafadha, panga moja baada ya jingine, kutoka shinani hadi nchani, taratibu, amefumba macho. Anafanya hivyo mbele ya abiria ambao wamekwisha kupimwa uzito wao na wa mizigo yao. Siku moja bibi mmoja wa Kilundayeh akamuuliza, "Unatafuta nini, mwanangu, umedondosha pete?" Naye, badala ya kujibu kama mtumishi wa shirika, akasema, "Natafuta pengo, Nenek. Kiwanja chenu cha Long Bera kina kokoto. Kokoto likirushwa likapiga hapa, linabandua kipande kidogo tu. Ufa unaanzia hapo hapo."

Abiria wote kumi na wawili wakaenda kutazama. Wakaanza kupapasa. Siku hizi hapandi mtu bila kuipapasa ndege kwanza kama anayechagua durian sokoni. Shirika linalopapaswa, Pak, limebakiwa na heshima gani?

Na akikuta pengo hulipiga tupa mpaka makali yawe laini. Yaani anaipunguza mali yenu kwa mikono yake. Nimekusanya unga wa tupa wa miezi mitano kwenye bahasha, ambatisho namba moja. Kwa mwendo huu, nimepiga hesabu, baada ya miaka mia nne hatutakuwa na rafadha kabisa.

2. Kuhusu damu. Katika mambo madogo, hili ndilo lililonikosesha raha zaidi. Kopo la kwanza ni la kuoshea. La pili lina maji mekundu; anayapulizia panga zima, kisha anakaa juu ya ndoo robo saa nzima akila mihogo ya kukaanga, kazi hakuna. Halafu anafuta wekundu wote. Kopo la tatu hutoa poda nyeupe kama chokaa. Sasa kama kuna mahali palipopasuka, ule wekundu uliojificha ndani unajitokeza pole pole juu ya weupe, mstari mwembamba, utadhani panga linavuja damu. Abiria wanaona! Mwalimu mmoja aliyekuwa amebeba maboksi ya mitihani alisoma dua kwa sauti.

Nami nauliza: ni kitu gani hapa duniani kisichotoa mstari ukikifanyia hivyo? Nipake mimi wekundu, nifute, nipake chokaa. Nina miaka hamsini na minane. Nitatoa mistari mpaka mchoke kuihesabu.

3. Kuhusu siku ya Naibu Bupati. Unaijua sehemu ya habari hii kutoka kwake mwenyewe. Naomba usikie na yangu.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno Long Bera, na Naibu Bupati, mtu wa pili kwa ukubwa wilayani, alikuwa akaifungue. Nyati alikwisha kuchinjwa. Bendi ya mianzi ilikuwa imepangwa kando ya kiwanja tangu alfajiri. Na wewe unajua ukungu wa kule: ikifika saa tano bonde linafunga mlango, na ndege iliyochelewa imechelewa. Saa moja na nusu mgeni wetu alikuwa ndani, kiti cha mbele, nyuma ya rubani. Mimi nilivaa batiki yangu mpya. Nilikuwa nimebakiza kupunga mkono.

Ndipo Mbak Wening akatoka chini ya pua ya ndege, ameshika kitambaa, akaniambia, "Pak Haji, ndege hii hairuki."

Nikamwambia, "Hairuki vipi? Naibu Bupati ameshafunga mkanda!"

"Basi afungue."

Nikaenda kutazama. Panga la pili, kiasi cha urefu wa mkono kutoka nchani, palikuwa na kimstari chekundu kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikasema kwa upole, kama baba, "Mbak, huo ni unywele. Bila shaka ni wako."

Akasema, "Mimi nimejifunga kitambaa, Pak Haji. Na wewe nywele huna."

Marubani wa ndege ya pili wakacheka. Majina yao ninayo.

Naibu Bupati akashuka, akainama, akauliza ufa wenyewe una urefu gani. Akaambiwa. Akauliza na panga lina urefu gani. Akaambiwa zaidi ya mita moja. "Kumbe sehemu kubwa ni nzima!" akasema. Hesabu safi kabisa, Pak, ya kiongozi. Lakini huyu msichana hakuona haya kumjibu: "Pak, hicho kipande kikikatika huko juu, mapanga yatakosa usawa. Yataitikisa injini mpaka ing'oke kwenye pua. Chini yenu ni msitu mtupu. Mtatua wapi?"

Kwa maneno hayo tu, Kapten Rumengan, rubani wetu mkongwe, akafungua mkanda, akashuka, akaenda kusimama mbali na kuwasha sigara yake ya karafuu. Nikamwamuru arudi kitini. Akanijibu, "Kakae wewe, Haji. Mimi nina watoto wawili."

Sikukata tamaa. Nilipendekeza ndege iruke polepole. Nilipendekeza abiria wapunguzwe, abaki Naibu Bupati peke yake, ili panga lisichoke. Naibu Bupati mwenyewe ndiye aliyelikataa pendekezo hili, na bado nashangaa kwa nini. Mwisho nikatoa silaha yangu kubwa. Nikamwambia Mbak Wening, "Unajua kwamba ndege hii inarudi na mgonjwa? Bu Litad, mwalimu wa Long Bera, ana mimba ya miezi tisa na mtoto amekaa vibaya. Mganga wa zahanati amepiga redio mara mbili. Akifa, utamwambia nini mume wake?"

Hapo uso ulimbadilika. Niliona. Alikikunja kitambaa chake, akakikunjua. Kisha akasema, taratibu, "Kama ana mimba, basi ndiyo kabisa hairuki."

Akachukua daftari la matengenezo, akaandika kwa kalamu nyekundu: HAIRUKI. Akayasoma tena maandishi yake mara mbili, nikajua nimemshinda. Lakini hakufuta. Akatia saini, na jina lake kamili chini, akalibana daftari kwapani.

Huko Long Bera walingoja hadi saa tano, ukungu ukashuka. Saa sita redio ilileta ujumbe: "Nyati tumeshamla. Hotuba ameisoma mwalimu mkuu, kurasa mbili tu kati ya kumi na nne. Watu wamefurahi sana. Pak Naibu asijisumbue." Ujumbe huo nilitakiwa mimi niufikishe kwa mhusika. Niliufikisha. Sitaki kueleza zaidi.

4. Kuhusu kuiba rafadha. Siku hiyo hiyo, bila barua wala muhuri, fundi huyu aliivua rafadha ya ile ndege iliyolala bandani ikingoja vipuri vya injini, akaikagua kwa zile rangi zake, panga kwa panga, kisha akaifunga kwenye ndege ya Naibu Bupati. Aliwashirikisha Kapten Rumengan, wapakia mizigo wawili na muuza tambi wa nje ya geti. Hawakula mchana. Walimaliza saa kumi na moja jioni, muda ambao hauna faida kwa mtu yeyote, na asubuhi kulipokucha Kapten akaenda kumchukua Bu Litad.

5. Kuhusu ripoti ya karakana. Rafadha iliyovuliwa ilipelekwa Java. Ripoti imerudi. Inasema kwamba baada ya rangi kubanduliwa, ufa ulionekana kuwa mrefu mara tatu kuliko alivyoandika fundi Wening, na kwamba panga lisingemaliza safari nne au tano zaidi. Ofisini kwangu wamemshangilia! Mimi peke yangu ndiye niliyeisoma kwa makini. Mara tatu, Pak! Maana yake theluthi mbili nzima za ufa zilimpita bila kuziona, pamoja na kioo chake, makopo yake na ukucha wake. Huu ni uzembe wa wazi, na naomba uingie kwenye faili lake.

6. Kuhusu mtoto. Bu Litad alijifungua kwa upasuaji katika hospitali yetu hapa, msichana, kilo tatu na robo. Familia wamemwita Wening. Ndege ilikuwa ya kituo changu. Redio ni ya kituo changu. Gari lililompeleka hospitalini nililiita mimi, kwa simu yangu. Wangeweza kumwita Masrani. Ni jina ambalo halijamdhuru mtu. Mama mkwe wa Bu Litad alipokuja kuleta mchele wa shukrani akauliza, "Yuko wapi yule fundi wetu?" Nikamwambia mkuu wa kituo ni mimi. Akanitazama, akaniambia, "Hongera, Pak," akaondoka na mchele wake hadi bandani.

Kwa hayo yote, naleta maombi yafuatayo. Kioo cha kukuzia kitwaliwe, kwa sababu kitu kisichoonekana kwa macho ya kawaida hakina mamlaka ya kumzuia Naibu Bupati. Mapanga yote yapakwe rangi nyeusi nzito inayong'aa, tabaka sita, ili ufa utakaotaka kutokea ukutane na upinzani. Ufa wowote utakaobaini kwamba ni lazima uwepo upitie ofisini kwangu siku tatu kabla, kwa maandishi. Wakaguzi wasiruhusiwe kukagua ndege zenye wageni wa serikali, maana ni kuwavunjia heshima wageni hao kudhani kwamba wanaweza kuanguka. Na fundi Wening Prabandari ahamishiwe makao makuu, mahali penye sakafu ya zege, akatafute nyufa huko hadi aridhike. Pak Gimin nimeshaongea naye. Anasema kambare wanaweza kujiangalia wenyewe siku tatu kwa wiki.

Nisalimie Ibu, nisalimie Bu Ratih wa masijala na mguu wake, nisalimie walinzi wa getini na yule mpishi wa kantini anayenikumbuka kwa supu ya mkia. Kwa wale wote wa ofisi ya usalama ambao hawajibu barua zangu, salamu pia, ingawa kwa kiasi.

Ni mimi, niliyeongoza miaka kumi bila mstari,

Haji Masrani Kurdi
Mkuu wa Kituo, Muara Semayun

Nyongeza, Alhamisi. Barua hii imekaa mezani siku tatu kwa sababu hakuna ndege ya kuibeba. Mbak Wening ameshikwa na homa ya dengi, amelazwa tangu Jumatatu jioni. Mlituletea fundi wa muda, nashukuru, kijana mchangamfu. Amezitia saini ndege zote tatu zinazofanya kazi kwa dakika kumi na mbili, bila kuvua miwani ya jua. Anga ni safi, mizigo imepimwa, abiria thelathini na moja wako hapa uwanjani wananitukana kwa lugha nne. Nimezizuia zote tatu. Kapten Rumengan ameniuliza ndege zina kosa gani. Nimemwambia sijui, na hilo ndilo kosa. Jana nilijaribu mwenyewe kwa ukucha, kutoka shinani hadi nchani, nikafumba na macho, lakini sikujua ninachopaswa kusikia. Nimempelekea Mbak Wening uji hospitalini. Hakuumaliza, aliuliza kama kuna ndege iliyoruka. Daktari anasema ataruhusiwa Jumamosi. Abiria nimewaambia Jumatatu, apate siku moja ya kulala.