Kinanda na Injini ya Fito

Kinanda hakuwa fundi wa magari, wala hakuwahi kudai hivyo mbele ya fundi. Walimwita Kinanda kwa sababu kila aliyembonyeza alipata wimbo alioutaka. Siku hiyo alikuwa gereji, akisubiri gari lake dogo lioshwe, aliposikia mafundi wawili wakibishana.

"Kemshafti ndiyo mtaimbo unaofungua valvu, basi ikae juu, palepale zilipo," alisema wa kwanza. "Injini inapumua vizuri, inazunguka mpaka inalia."

"Ikikaa chini, katikati ya bloku, ikasukuma valvu kwa fito, kuna ubaya gani?" alijibu wa pili. "Injini inakuwa fupi, boneti inalala, na ukikanyaga tu unasikia mgongo umegandamizwa kwenye kiti. Tajiri wa vigae anatafuta gari la mbio la namna hiyo. Atakayempelekea anampa pikapu mpya."

Masikio ya Kinanda yalisimama kama ya sungura. Maneno ya fundi wa kwanza aliyatia mfuko wa kulia, ya wa pili mfuko wa kushoto, maana elimu haiozi. Kisha akamkumbuka mjane mmoja, mshona sare za shule, ambaye uani kwake marehemu mumewe aliacha gari la mbio chini ya turubai.

Mjane alimkaribisha kwenye chumba cha kushonea. Mama huyo alikuwa na shida. Sare alizipeleka shuleni kwa mkokoteni, mvua ikazilowesha, na mwalimu mkuu akamwambia kwamba zikifika tena zimelowa, kazi itakwenda kwa mwingine. Alikuwa akimwomba Mungu ampe gari lolote, mradi linatembea. Na Mungu husikia, ila anayetumwa kuleta jibu si lazima ajue kwamba ametumwa.

Kinanda alipewa chai. Kikombe alikiweka juu ya kitu kipana kilichofunikwa kitambaa, kando ya cherehani.

"Mama, nimekuja kwa huruma tu. Gari lako injini yake ni ya kizamani. Kemshafti imefukiwa chini kama kiazi. Ikitaka kufungua valvu inatuma fito, fito inainua roka, roka ndiyo inaisukuma valvu. Ni sawa na kumwita jirani kwa kumtuma mtoto wa shangazi yake. Langu ni dogo, lakini lina kem mbili, ziko juu, zinazungumza na valvu zenyewe. Tubadilishane, kadi kwa kadi."

"Mwanangu, kuhusu hiyo injini kuna jambo..."

"Najua, mama. Imekaa muda mrefu."

"Si kukaa tu. Marehemu ali..."

"Aliipenda. Mapenzi ni upofu."

"Basi twende nikufungulie boneti uone mwenyewe."

Kinanda alitikisa kichwa haraka. Boneti ikifunguliwa, mtu huweza kuulizwa kemshafti iko wapi, na yeye alijijua kwamba angeonyesha betri.

"Daktari mzoefu hampasui mgonjwa, mama. Anamtazama usoni. Hiyo injini ni mzigo. Ukiwa nayo umekula hasara, usipokuwa nayo umepata faida."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli tupu."

Mjane alikitazama kile kikombe kikitoa mvuke. Chini ya kitambaa ndipo injini yenyewe ilipokuwa, juu ya mbao mbili, tangu marehemu alipoitoa kuisafisha na mauti yakamkuta kabla hajairudisha. Mjane alikuwa amejaribu kusema. Akaona labda Mungu ndiye anayemnyamazisha, akatia sahihi.

Kinanda akaacha funguo zake na kukodi gari la kuvuta. Yeye na dereva walipolisukuma gari la marehemu kutoka uani, lilitoka bila jasho.

"Mbona jepesi hivi?" dereva aliuliza.

"Ndiyo uzuri wa injini za fito," alijibu Kinanda, ambaye alikuwa ameshahamia mfuko wa kushoto. "Ndogo, halafu zimetulia chini."

Walilishusha kwenye yadi ya tajiri wa vigae, na hapo Kinanda akahubiri. "Bosi, hao wa kem juu waache na makelele yao. Injini ndefu kama kabati, mnyororo mrefu kama foleni ya benki. Ukiingia kona, uzito uko juu, gari linayumba kama mlevi. Hii uzito wake umelala, na nguvu unaipata mapema, hungoji injini ipige mayowe."

Tajiri alifungua boneti. Aliinama, akatazama kwa muda. Vigae vya sakafu vilionekana vizuri, hadi kimoja chenye ufa.

"Ulisema ni ndogo," alisema. "Sikujua ni ndogo kiasi hiki."

Kinanda alitafuta maneno katika mifuko yote miwili, akakuta mitupu.

"Iko wapi?" tajiri aliuliza.

"Itakuwa kwa mama mmoja."

"Basi twende sote, na dereva wako."

Walimkuta shemeji wa mjane, mchomeleaji vyuma mwenye mikono kama milango, akipakia sare kwenye gari dogo.

"Mama, umenipa gari lisilo na injini," alisema Kinanda.

"Nilitaka kukuambia, mwanangu. Ukawa unajua kila kitu. Iko ndani, ndiyo uliyowekea kikombe."

"Basi nipe."

Shemeji aliweka furushi chini. "Si ulimwambia shemeji yangu ni mzigo? Faida umeshaipata, sasa umerudi kuomba hasara?"

Hapo ndipo Kinanda alipobanwa. Akisema injini haifai, anaidai ya nini? Akisema inafaa, asubuhi alimdanganya mjane, na ile mikono haikuwa mbali.

"Tuambie," alisema tajiri. "Nzuri au mbaya?"

Kinanda aliitazama mikono, akalitazama gari alilokuwa nalo asubuhi, akaikumbuka pikapu.

"Nzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Nzuri sana, mama. Fupi, ina nguvu, haina mambo mengi ya kuharibika."

"Mungu akubariki," alisema mjane. "Marehemu alikuwa akisema hivyohivyo."

"Na kitu kizuri hakitolewi bure," aliongeza shemeji.

Tajiri alikuwa ameshaingia na kufunua kitambaa. "Mama, pikapu yangu kwa injini hii."

"Na bodi?" Kinanda aliuliza.

"Bodi bila injini ni banda la kuku. Nitamlipa huyu wa gari la kuvuta, nawe unipe kadi."

"Tumekubali," alisema dereva, kabla Kinanda hajafungua mdomo.

Injini ikapakiwa, tajiri akaondoka, na shemeji akaenda naye kuchukua pikapu. Kinanda alibaki uani, mikono mitupu. Mawingu yalikuwa yakikusanyika juu ya mabati.

"Mwanangu, hili unajua kuliendesha?" mjane aliuliza.

"Mama, hili ni langu." Akaligusa paa. "Lilikuwa."

"Basi panda. Sare hazijafika, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Ujira wako tutapatana njiani."

Kinanda alikaa nyuma ya usukani, furushi moja likimgusa kisogo. Mjane aliketi kando yake, akanong'ona sala fupi, akafunga mkanda.

"Mwalimu mkuu akikuuliza ni gari la aina gani," alisema, "mwambie linatembea. Usiongeze neno."