Salamu za Kesho

Jumamosi, 3 Machi 2012

Nimeanguka tena. Mara ya nne tangu ninunue pikipiki mwezi wa Disemba. Mahali: kona ya msikiti. Saa: kumi na robo alasiri. Mwendo: mdogo. Sababu: haijulikani. Ajali zote nne nimeziandika ukurasa wa nyuma wa shajara hii, na safu ya sababu imejaa neno hilo hilo kutoka juu hadi chini.

Ubaya wa leo ni kwamba nilikuwa nimempakia Mwatum. Mke wangu hakuumia, alhamdulillahi, ila goti limechubuka na buibui limechanika. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Aliinuka, akajipangusa, akatangulia kwa miguu hadi nyumbani, nami nyuma nikisukuma pikipiki kama mtu anayerudisha ng'ombe wa wenyewe.

Baada ya magharibi akatoa hukumu. Mama yake kule Kisiwa Panza macho yanazidi kupungua, na sasa lazima amwangalie kila Jumamosi. Nikiweza kumfikisha salama pwani ya Chokocho, asubuhi atavuka kwa mashua na jioni atarudi kwangu. Ananipa nafasi moja tu, Jumamosi ya tarehe 17. Akianguka tena, atahamia kwa mama yake mpaka masika yaishe. Nikamuuliza, masika yote? Akasema yote, na akipenda ataongeza.

Mimi najua kupika chai tu. Lakini si chakula ninachokifikiria. Nyumba hii bila yeye ni kuta nne na saa inayogonga.

Jirani yangu Ngwali aliyaona yote kutoka barazani kwake. Ana pikipiki kama yangu na hajaanguka hata siku moja. Mkewe Tatu hukaa nyuma anakula karanga!


Jumapili, 4 Machi

Nimepata mwalimu. Soud, aliyerudi mwaka jana kutoka Maskati, ambako alikaa miaka kumi na moja kwenye uwanja wa mashindano ya pikipiki. (Nimeulizia pembeni: alikuwa akiufagia. Lakini mtu anayefagia huona mengi.) Ametangaza siku ya uwanja, ya mazoezi ya kuendesha, kila Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa mpira. Kona amezitengeneza kwa makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga. Wanafunzi waliohudhuria: mimi.

Mafunzo: tazama unakokwenda, usitazame tairi. Breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Mafuta vuta taratibu.

Nimezunguka mara arubaini. Sikuanguka hata mara moja! Mzunguko wa arubaini ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza kwa kila kipimo ninachokijua.

Tulipopumzika Soud alinieleza kwamba kule watu wazima wenye kazi zao huja kuzunguka kutwa, kisha hurudi walikotoka. Nikamuuliza wanakwenda wapi. Akasema hawaendi popote, ndiyo starehe yenyewe. Nimelifikiria hili hadi sasa. Hapa kwetu mtu hawezi kufika hata kisimani bila ya kuulizwa mara tano wendapi. Sijui mtu ataanzaje kujibu kwamba haendi popote.


Jumatano, 7 Machi

Nimeulizwa. Bi Time, anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na uwanja, amesema Jumapili nilimpita mara arubaini na kila mara alitaka kuniuliza kama kuna kitu kimenipotea. Nikamwambia najifunza. Akasema mwanangu, kama ni kurudi hapo hapo, mbona ulikuwa unajua tangu zamani.

Ngwali hakuniuliza mimi. Aliwaambia watu dukani, nami nipo, kwamba hata ngamia wa kinu cha ufuta huzunguka kutwa, lakini jioni mafuta yanaonekana.

Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu.

Hivi huyu wa kuniadibisha mimi! Mtu asiyesalimu! Mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, anawapita wazee kama anapita minazi. Miaka sita tunatumia ukuta mmoja, hajaninyanyulia mkono hata mara moja. Na Mwatum alinionyesha jana goti lake: bado halijapona.


Jumapili, 11 Machi

Siku ya pili ya uwanja. Mizunguko sitini, yote safi. Katika wa sitini na moja akapita Mzee Matano, aliyekuwa sheha wetu, anakwenda shambani. Nikainua mkono kumsalimu. Nikaanguka.

Soud akaja akitembea polepole. Akaomba kuona orodha yangu ya ajali. Akauliza kila moja, nani alikuwapo. Ya kwanza, Bi Time. Ya pili, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Ya tatu, wazee watatu waliotoka kwenye arusi. Ya nne, imamu akitoka msikitini. Soud alicheka mpaka akakaa juu ya kopo.

Akanishika mkono wa kulia akauweka kwenye usukani. Mafuta yako hapa, akasema. Breki ya mbele iko hapa. Na salamu zako ziko hapa hapa. Kila ukimpa mzee heshima yake, pikipiki haina mwenyewe.

Nimeduwaa. Kwa baiskeli nimesalimu miaka ishirini na sikupata hata mchubuko! Nikauliza, je, kwa mkono wa kushoto? Papo hapo nikalifuta swali. Kumsalimu Mzee Matano kwa kushoto! Bora kuanguka.

Dawa anayoishauri: tumweke mzee mmoja kwenye kiti pale konani, nizunguke mara arubaini huku nikimsalimu kwa mdomo, mikono ikae ilipo. Sikuipenda. Kumpita mzee mara arubaini bila ya kumwinulia mkono hata mara moja ni utovu wa adabu wa kukusudia.

Mwatum naye, nilipomweleza, hakuinua hata kichwa kwenye nazi anayokuna. Simama, akasema. Salimu, kisha uondoke. Nimepiga hesabu. Kutoka hapa hadi Chokocho wapo wazee thelathini na moja wanaokaa kando ya barabara asubuhi. Kila mmoja dakika nne, kwa kuwa lazima waulize hali ya mama mkwe. Jumla dakika mia moja na ishirini na nne. Mashua haingoji.


Jumatatu, 12 Machi

Kazini sikufanya kitu. Nilitazama dirishani nikawaza.

Uwanja wa Soud una kona kama za barabarani, na makopo yanatosha. Kinachokosekana ni watu. Ndiyo maana kule mtu anazunguka vizuri: hakuna anayemjua. Sijui kama ningependa kuendesha vizuri kiasi hicho.

Saa sita mchana, nimepata! Tatizo si salamu. Tatizo ni wakati wake. Kuna ubaya gani salamu ya Jumamosi ikitolewa Ijumaa?


Ijumaa, 16 Machi

Imefanyika! Baada ya sala ya Ijumaa nilichukua baiskeli na orodha, nikapita nyumba hadi nyumba, wazee wote thelathini na moja. Kila nyumba nilitoa maneno yale yale niliyoyaandaa: kesho asubuhi nitapita hapa na mke wangu, na nikipita bila ya kuinua mkono, basi niwieni radhi.

Nimepokewa vizuri. Vizuri mno, ningesema. Bi Time alinishika mikono yote miwili akalia, kisha akanipa mkungu wa ndizi. Mzee Matano aliuliza kama Mwatum anajua. Nikasema anajua na amekubali. Akatikisa kichwa, akaniombea dua ndefu, akanipa tasbihi yake. Mwingine aliuliza kama napata usingizi. Nimerudi na ndizi, nazi mbili, tasbihi na mche wa udi. Sikujua kwamba napendwa hivi. Njiani machozi yalinilengalenga.

Mwatum alizitazama ndizi, akauliza nimewaambia nini hasa wale wazee. Nikamsomea. Kisha akauliza kama niliwaambia pia kwamba tutarudi.

Sikuliona hilo kuwa la lazima.


Jumamosi, 17 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitafupisha.

Tuliondoka saa moja na nusu. Mwatum alinishika kiunoni kwa mikono miwili. Kona ya kwanza, safi. Kona ya pili, akalegeza mkono mmoja. Baada ya kona ya tatu nikamsikia nyuma yangu anaimba kwa sauti ndogo, jambo ambalo sijalisikia tangu Disemba. Nilitamani barabara isifike mwisho.

Kisha kona ya msikiti. Wamesimama! Kanzu nyeupe kama sikukuu. Habari ilikuwa imeenea tangu jana. Wengine wamesikia nakwenda umra. Wengine kwamba Soud ananipeleka Maskati nikafagie naye. Bi Time ana yake: ni maradhi, na madaktari wamekata tamaa. Maana nani mwingine hupita nyumba hadi nyumba akiomba radhi?

Wakainua mikono, wengine yote miwili. Mimi nikang'ang'ania usukani. Nikatazama ninakokwenda. Nikasalimu kwa mdomo mpaka koo likakauka. Mbele wengine, na mbele wengine tena, hadi Chokocho, wote thelathini na moja, na sikuinua hata kidole! Mwatum nyuma yangu alikuwa akiwaitikia. Nilihisi mkono wake unatoka kiunoni, unapanda, unarudi, unapanda tena. Pikipiki haikutikisika hata kidogo.

Bahari ikaonekana. Mzee wa mwisho nikampita. Nikasema alhamdulillahi.

Hapo kando ya lundo la makumbi ya nazi alisimama mtu mmoja asiyekuwamo kwenye orodha. Ngwali. Ametangulia kwa pikipiki yake ili aniage. Akaninyanyulia mkono. Wa kulia. Wote, hadi juu ya kichwa!

Miaka sita.

Nikauinua wangu.

Makumbi yalitupokea. Mwatum aliangukia juu yake, mzima. Mimi niliangukia kifundo cha mkono. Ngwali alifika wa kwanza, analia, ananiomba radhi kwa ukuta na kwa yule ngamia. Mwatum aliinuka, akajipangusa, akamshukuru Ngwali kwa kuja, akashuka pwani kwa miguu. Mashua ilipoondoka aliniinulia mkono. Nilitaka kumjibu, lakini wangu haukupanda.


Jumatatu, 19 Machi

Kifundo kimefungwa kitambaa. Nyumba kimya. Nimechemsha ndizi za Bi Time na kuzila na chai, mara ya tatu leo.

Asubuhi Ngwali alipita. Mikono miwili kwenye usukani, macho mbele. Ameshapata habari kwamba siendi kufa.

Alasiri nahodha wa mashua aliniletea changu mmoja na maneno kutoka kwa Mwatum. Mama hajambo. Nyumba ya mama ina watu wengi na hakuna anayeandika kitu. Amefikiri, na atanipa nafasi moja zaidi: nikamchukue Chokocho Jumamosi ya tarehe 31. Sharti ni moja. Mimi nishike usukani tu, salamu zote nimwachie yeye.

Nimeyasoma maneno haya mara nyingi, kwa kuwa nahodha alikubali niyaandike aliyoyasema. Maskini Mwatum. Ni mapenzi yanayomsemesha. Suala hili ni la kitaalamu, naye hakuhudhuria siku za uwanja.

Nimekaa na orodha hadi magharibi na kosa nimeliona. Mpango ulikuwa sahihi. Kilichoharibu ni kwamba watu walitoka nje. Wasingetoka, nisingekuwa na wa kumsalimu.

Kwa hiyo Ijumaa tarehe 30, baada ya sala, nitapita tena nyumba hadi nyumba, kumwomba kila mmoja kesho yake asitoke. Na safari hii nitaanza na Ngwali.